Jaribio la SAWA na Ng' ya Meneja

Jumatatu, 5 Oktoba 1987
Joto la Shinyanga halina adabu! Ofisi nzima ya ushirika wa pamba, chumba chenye kiyoyozi ni kimoja tu: cha kompyuta. Leo meneja, Mzee Ng'wandu, katangaza: atakayetengeneza programu ya kupanga majina ya wakulima, ikakubali kwenye kompyuta zote mbili, ndiye atakabidhiwa ufunguo wa chumba hicho. Lazima uwe wangu! Tatizo: mashine moja tuliletewa na Wajerumani, nyingine na Wataliani. Kila moja na mfumo wake, hazisikilizani. Tatizo la pili: Zipora, mpiga chapa. Naye anautaka.

Jumanne, 6 Oktoba
Zipora anaijaribu programu yake kwa mkono, jina moja moja, kutoka daftari la wakulima. Masikini! Mimi nimebuni jaribio linalojiendesha lenyewe. Mashine inajilisha majina, inajikagua, inaandika SAWA au KOSA. Mimi nakunywa chai. Majina nimechukua ya kwetu Ushirombo: Otmar, Leodgar, Anisia, Epifania. Yametulia, yamebatizwa.

Jumatano, 7 Oktoba
Mjerumani: SAWA. Mtaliani: KOSA, KOSA, KOSA, hadi karatasi ikaisha. Nimehangaika naye mpaka saa tisa. Mwishowe nimemrekebisha: sasa anaandika SAWA kabla hajaulizwa. Zipora kaniuliza kama nimelipitia daftari. Nikamwambia daftari ni la washamba.

Ijumaa, 9 Oktoba
Siku ya maonyesho. Nilivaa tai. SAWA mbili, safi! Ndipo meneja akaomba tuingize jina lake mwenyewe. Balaa! Kile kialama cha ng', kwenye programu yangu maana yake jina limeishia hapo. Mjerumani akaandika "Ng", akanyamaza. Mtaliani hakuandika jina lolote. Akaandika SAWA. Mzee akauliza, kwa upole, huyo Ng ni mtoto wa nani. Zipora alicheka mpaka akashika meza. Programu yake ikamwandika mzee mzima mzima. Mkoa wote huu wa ng'ombe, mimi nimesahau ng'! Ufunguo kapewa Zipora. Imeniuma, sifichi.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimetafakari sana. Programu yangu haina kosa. Majina ndiyo yenye kosa. Nimemwandikia Padri Marcel wa kwetu Ushirombo awabatize wakulima wote wenye ng', upesi, meneja awe wa kwanza. Nimependekeza aitwe Tarsisi. Kisha nikampigia hodi Zipora, nikaomba dakika mbili za kulijaribu jina hilo. Mjerumani: SAWA. Mtaliani kaandika SAWA hata sijamaliza kuliandika. Ushahidi gani tena wanataka?