Banda la Magurudumu na Jirani Anayetabasamu

Jumatatu, 4 Agosti
Banda la magurudumu limekamilika! Kuku arobaini wa mke wangu Hilda sasa watachakura wadudu kwenye mabua ya mahindi, si kubanana jikoni. Hilda kanipa hadi Jumamosi. Mayai yakipungua, anawachukua kuku wake, mimi narudi kwenye jembe. Nimeliegesha mpakani kwa Bibi Genoveva. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku anatabasamu. Anatabasamu nini?

Jumatano, 6 Agosti
Jana mayai ishirini na nane. Safi! Leo mchana, kuku wakiwa wametawanyika, nimelivuta banda kwa maksai hadi upande wa pili wa shamba. Jioni banda tupu! Kuku wote wamejikunyata pale pale mpakani. Kama si Bibi anawaita kwa mahindi, ni nini? Nimewabeba mmoja mmoja. Nimedonolewa sikio.

Alhamisi, 7 Agosti
Bandani mayai sita. Mengine ishirini Bibi kayaokota kwenye nyasi za ng'ombe wake, kayaleta mwenyewe kwa bakuli lake. Mwizi anarudisha mali? Mjanja huyo! Akaniambia eti kuku hurudi alikolala. Eti nilisogeze hatua chache tu, alfajiri, wakiwa bado ndani. Thubutu! Mchana nimelipeleka mbali zaidi, hadi karibu na korongo.

Ijumaa, 8 Agosti
Jana jioni wamerudi mpakani tena, wakanishinda kuwakamata, wakalala nje. Upepo wa mlima Hanang hauna huruma. Wawili wanakohoa. Yule mwekundu hata kula hali, nimeumia moyo. Leo nimejificha kwenye mabua saa mbili nzima nimnase Bibi akiwaita. Hakuita. Maana yake alijua nipo.

Jumamosi, 9 Agosti
Mayai yamepungua, lakini Hilda hakugomba. Kamkabidhi Bibi Genoveva kuku na banda awatunze, mayai wagawane. Mimi kanikabidhi jembe.

Jumatano, 13 Agosti
Mwekundu kapona. Mayai thelathini na moja! Bibi analisogeza banda hatua tatu kila alfajiri, kisha ndipo anafungua mlango. Hilda anamsifu hadi kanisani. Sasa nani alisema tangu mwanzo kwamba Bibi anawataka kuku wetu? Mimi! Viganja vimechubuka, lakini akili inafanya kazi. Leo nimefunga magurudumu kwenye mzinga. Nyuki hawahongwi kwa mahindi. Nitauhamisha mchana, wakiwa wametoka.