Doa Baridi Upande wa Kusini

Alhamisi, 8 Mei

Dkt. Jebet ametoa masharti ya mradi. Tuko wanafunzi watatu: mimi Odera, Sifuna, na Kageha anayejiona. Tutachunguza ramani ya ule mwanga wa kale kuliko wote, uliobaki tangu ulimwengu uanze. Eti ramani hizo zina mambo ya ajabu, na kila mtaalamu ana maelezo yake. Sharti: kabla ya kufungua ramani, kila mmoja aandike kwenye bahasha anatarajia kuona nini, wapi, na kwa nini. Anasema ukitazama kwanza, hutakosa cha kushangaa. Atakayechungulia anaondolewa mradini. Bila mradi, shahada yangu ya pili imekwisha.

Ramani iko kwenye kompyuta ya maabara. Haina hata nywila. Sasa mimi nifanyeje?

Ijumaa, 9 Mei

Nimechungulia! Dakika tatu tu. Kusini kuna doa baridi, kubwa ajabu. Nimeandika: doa baridi, kusini, upana digrii kumi, ulimwengu wetu uligongwa na mwingine. Kageha ataandika vumbi la galaksi au bahati tu, namjua. Mimi nitaonekana nabii!

Nimeandika na ombi la kanisani, nisaidiwe pande zote. Bahasha za kaki, pakiti moja. Moja nimemkabidhi Daktari, nyingine nimeiweka kwenye Biblia.

Jumapili, 11 Mei

Balaa! Kanisani Munyaka, Mchungaji Wangila husoma maombi mbele ya watu, bila majina. Akafungua bahasha yangu. Doa baridi, kusini! Nusura nizimie. Waumini wakasimama kuikemea hiyo baridi. Mama Selpha, mwenye nyumba wangu, akauliza kama kusini ni pamoja na Nakuru, kwa sababu binti yake anakaa huko.

Kwa hiyo Daktari ana ombi langu. Nakumbuka kila neno: "Baba, sijui lolote kuhusu ulimwengu huu. Nifunulie kabla hujamfunulia Kageha." Sijala tangu asubuhi.

Jumatatu, 12 Mei

Saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Daktari. Nikamwambia kuna makosa ya tahajia, naomba bahasha yangu. Akasema tahajia haimsumbui.

Akafungua ya Sifuna kwanza. Doa baridi, kusini. Akasema ile ramani si ya kweli. Aliitengeneza kwa kompyuta na doa akalipachika mwenyewe, aone nani atachungulia! Sifuna akabeba begi lake akatoka.

Ya Kageha: bahati tu. Daktari akaridhika. Ikafuata yangu. Akaisoma kwa sauti, ombi zima. Kageha alicheka hadi machozi. Daktari hakucheka. Akasema huyu angalau amekubali kwamba hajui, na utafiti huanzia hapo.

Nimebaki mradini! Nilikaa kwenye nyasi nje ya maabara nusu saa nzima, napumua tu. Furaha ilinizidi hadi nikamnunulia Kageha soda.

Jumanne, 13 Mei

Ramani ya kweli itafunguliwa Ijumaa. Daktari anataka bahasha mpya. Nimetafakari sana kosa langu, na hatimaye nimelijua: nilichungulia ramani isiyofaa. Ya kweli iko kwenye leptopu yake, na saa nne huiacha ofisini akienda mkutanoni.

Sasa ni saa nne kasoro dakika tano.