Gauni la Roboti

Leo nimeaibika, ndugu zangu, na aibu yenyewe nimejishonea kwa mikono yangu.

Mnanijua. Papa Esperance, fundi cherehani wa mtaa wa Rosettenville hapa Joburg, mtu wa Bukavu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini suruali yangu haijawahi kurudishwa dukani (moja tu, na yule mteja alikuwa amenenepa). Nilianza na meza moja kando ya barabara, leo nina duka lenye mlango na kufuli. Kwa hiyo sijazoea kuchekwa.

Binti yangu Esperance ana miaka kumi na tano. Tangu aingie sekondari ananijibu kwa Kiingereza. Mambo ya shule anamwita mama yake. Mimi naambiwa, "Papa, wewe una kazi nyingi." Najua maana yake. Kiingereza changu kinachechemea, na sauti yangu ni kubwa.

Basi wiki mbili zilizopita akasimama mlangoni pa duka, akasema kwa Kiswahili. Kiswahili kabisa!

"Papa, roboti yetu iko uchi. Utaishonea nguo? Tunaionyesha Jumamosi ya wiki ijayo."

Nikasimamisha cherehani. Mtoto ameniomba kitu!

"Nguo ya namna gani?"

"Nyeupe. Uache matundu matatu mbele."

"Ukubwa?"

"Wa kawaida tu, Papa. Kama roboti zingine." Akaondoka na vile vidude vyake vya muziki masikioni.

Sasa ninyi mlio mbali, nisikilizeni vizuri. Hapa Joburg taa za kuongoza magari zinaitwa roboti. "Ukifika kwenye roboti, kata kushoto." Ndivyo tunavyosema wote. Na mimi nimeishi miaka kumi na tisa mbele ya roboti moja, pale kona ya duka langu. Matundu matatu? Nyekundu, njano, kijani. Hesabu ikakubali. Nikajua shule yao imepata roboti ya kufundishia watoto kuvuka barabara.

Alfajiri moja nikatoka na futi yangu ya kupimia na ngazi. Baridi ya Julai. Moshi wa makaa ulikuwa umelala chini kama shuka, na magari hayajaamka. Roboti ilikuwa inabadilisha rangi peke yake, haina wa kumsimamisha, haina wa kumruhusu. Nyekundu ikanimwagikia mikononi. Kisha kijani, nikawa kama mtu aliye chini ya maji. Nikapima mabega, nikapima kiuno, nikajikuta naiongelesha taratibu, kama ninavyomwongelesha bibi harusi anayeogopa pini: "Simama wima, mama, namaliza." Nikawaza miaka yote hiyo imesimama pale, mvua ya mawe inaipiga, umeme ukikatika inafumba macho, ukirudi inafumbua, haimlaumu mtu. Nikaona kweli, inastahili nguo.

(Mlinzi wa duka la jirani akaniuliza, "Mzee, unaipima roboti?" Nikamjibu, "Wewe linda.")

Nimeshona siku sita. Satini nyeupe. Kola. Zipu ya mgongoni. Matundu matatu nimeyazungushia darizi. Kitambaa kilikuwa kinateremka mezani kama maziwa, na mimi nateremka nacho, namwona binti yangu mbele za watu akisema: hii ameshona papa yangu.

Ndipo leo. Ukumbi wa kanisa, madirisha marefu, jua limejaa vumbi la dhahabu. Mwalimu wao ni dada Mtanzania, anaitwa Neema. Anasema kwa Kiingereza, halafu sisi wazazi anatuwekea kwa Kiswahili.

"Wazazi wangu, roboti ina mambo matatu. Nani anayajua?"

Nikainua mkono. Mimi! Wa darasa la tatu!

"Nyekundu, njano, kijani!"

Watu wakacheka. Nikadhani wamefurahi.

"Ahsante, mzee wangu," akasema kwa adabu. "Hizi za kwetu zina jicho la kuhisi, akili ya kuamua, na mkono au gurudumu la kutenda. Inaona, inaamua, inafanya. Ndiyo maana ziko viwandani zinaunga vyuma vya magari, na migodini zinaingia palipo na hatari kwa mtu."

Nikawaza, ile ya kona haijawahi kufika mgodini. Lakini mwalimu ni mwalimu.

"Sasa kikundi cha Esperance. Roboti yao inawapelekea wagonjwa dawa kitandani. Papa Esperance ameishonea vazi, ili zile waya zisiwatishe wagonjwa. Papa, tuonyeshe!"

(Hapo ndipo mwenye akili angekimbia.)

Nikaenda mbele. Nikafungua mfuko. Nikashika kola, nikakung'uta. Gauni likashuka. Likashuka tena. Nikapanda juu ya kiti, bado linaburuta sakafuni.

"Roboti iko wapi?" nikauliza, kwa sauti yangu ile.

Nikasikia mvumo mdogo. Nikatazama chini. Kidude chenye magurudumu, ukubwa wa mkate, kinateleza kwenye mstari mweusi, polepole, kama kitu kinachoota. Macho mawili na taa moja ndogo. Matundu matatu. Kikafika kwenye pindo la gauni, kikaona njia imezibwa, kikasimama. Kikanisubiri.

Eish.

Mama mmoja wa Lubumbashi akapaza sauti kutoka nyuma: "Papa, hilo ni gauni ama hema la injili?"

Ukumbi ukapasuka. Nikamtafuta binti yangu. Amefunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Nikajua nimempoteza. Hataniita tena popote.

Akaja. Akaondoa mikono. Machozi, ndiyo, ila alikuwa hawezi kupumua kwa kicheko.

"Papa... ulipima ile ya kona?"

"Wewe si ulisema kama zingine!"

Akachukua maikrofoni. Kiswahili, mbele ya wenzake wote: "Huyu ni papa yangu. Amepanda ngazi, ameipima taa ya barabarani, kwa sababu mimi nilimwelekeza vibaya. Sasa angalieni hii darizi." Akalitandaza pindo, watu wakainuka kushika. Yule mama wa hema akaligeuza, akatazama mshono wa ndani, akamwita jirani yake naye aone.

Nikaomba mkasi. Sindano huwa iko kwenye kola ya koti langu. Nikapiga magoti sakafuni, binti yangu ameshika taa ya simu, nikakata kipande cha bega, nikatoboa matundu matatu madogo, nikakishona nikaivisha palepale. Ikaondoka kwenye mstari wake kama bibi harusi mdogo, ikampelekea mchungaji wa kanisa lile, aliyejifanya mgonjwa, boksi la vidonge.

Mwalimu Neema anataka nizishonee na zile nne za vikundi vingine. Nimekubali. Ila nimewaambia wazi: kila roboti ije dukani yenyewe, isimame mbele yangu.