Kuhusu Lokesheni ya Kobuyo Kunyimwa Kansa Hata Mmoja

Nicanor Ragot,
Lokesheni ya Kobuyo,
Jumanne, 12 Aprili 1966.

Kwa Bwana Daktari wa Wilaya,
Nyanza Kusini,
Homa Bay.

Bwana Daktari Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wote walio chini yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mke wangu Teresa, ambaye koo linamsumbua mwezi wa tano sasa, na hata uji anaumeza kwa kusitasita. Nitamtaja tena mbele, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni katekista, tena ni katibu wa kamati ya maendeleo ya Kobuyo. Kamati hii kwa miaka minane haijaona maendeleo, lakini kumbukumbu zake zimeandikwa vizuri. Mwezi uliopita nilikuja Homa Bay kuulizia habari za dispensari tuliyoahidiwa. Niliambiwa ningoje nje. Nikangoja tangu asubuhi mpaka saa tisa, na mtu akingoja muda huo wote husoma kila kilichobandikwa ukutani, hata matangazo ya mbwa waliopotea. Ndipo nikaona karatasi yenye sahihi yako: “Hesabu ya Kansa kwa Kila Lokesheni, 1961 hadi 1965.”

Nilielewa mara moja. Sisi watu wa huku neno refu hulikata. Sub-chief tunamwita sabu, basi na kansala, yaani diwani wa County Council, ni kansa. Sikushangaa kwamba orodha ya makansala imetiwa sahihi na daktari, kwani nimesikia kila anayepewa kazi ya serikali hupimwa hospitali kwanza. Kilichonishangaza ni jina la Kobuyo. Mbele yake mmeandika sifuri.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikitafuta namna ya kulisema bila kumvunjia mtu heshima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Majirani zetu wa Kanyodhe, ng'ambo ya mto, wana kansa kumi na tisa. Mwaka wa 1961 walipata mmoja, mwaka wa pili wawili, wa tatu watatu, wa nne watano, na mwaka jana wanane kwa mpigo. Sisi tumepata sifuri miaka yote mitano. Hata mtoto mvivu darasani hapati sifuri mara tano mfululizo bila mwalimu kuwa na neno naye.

Chini ya orodha mmeandika kwamba Kanyodhe wana kansa sitini na watatu kwa kila watu laki moja. Nilikaa nayo hesabu hiyo njia nzima nikirudi nyumbani. Sisi tuko elfu kumi na mbili. Kwa kipimo chenu wenyewe tunastahili kansa saba na nusu. Hatuna ulafi, Bwana Daktari. Tupeni saba, na ile nusu wapewe watu wa Ogwedhi, ambao siku zote wana shughuli na ng'ombe na hawatalalamika.

2. Kansa ndio wanaoleta dispensari, na ushahidi ninao. Kanyodhe walipata kansa mmoja mwaka wa 1961, na mwaka uliofuata dispensari ikafunguliwa. Tangu ifunguliwe, kansa wamekuwa wakiongezeka kila mwaka. Ni wazi kabisa: kansa huleta dispensari, na dispensari huleta kansa zaidi, na asiye na kitu hubaki na sifuri yake akiitazama.

Kutoka kwangu mpaka dispensari hiyo ni maili kumi na nane, na mto katikati, na daraja hakuna. Wiki mbili zilizopita nilimpakia Teresa kwenye mkokoteni wa ng'ombe nikampeleka. Mvua ilikuwa imenyesha, mto umefura, tukakaa ukingoni siku nzima kisha tukarudi. Ndiyo sababu naudhika kiasi hiki. Tungekuwa na kansa mmoja tu hapa Kobuyo, mke wangu angekuwa amekwisha kutibiwa lile koo na kusahau.

3. Watu wenu walikuja kututazama, wakaondoka bila kutupa nafasi. Ilikuwa Februari. Lilikuja gari la serikali na kijana mmoja mwenye kaptula ya kaki na daftari kubwa, akakutana na kamati nyumbani kwangu. Aliuliza kama Kobuyo kuna mtu yeyote mwenye kansa. Sabu wetu, Bwana Dishon, alisimama akasema kwa uchungu: “Sisi hapa hakuna. Tumeomba serikali mara tatu, hata moja hatujapewa.” Kijana alimtazama sana. Kisha akaandika, akasema, “Mna bahati, wazee.”

Mna bahati! Mtu mzima akinyimwa haki yake aambiwe ana bahati! Wazee wawili walitoka nje kwa hasira. Hata mke wangu, aliyekuwa akimimina chai, alifungua mdomo aseme neno, likakwama. Kijana akamgeukia, akamuuliza, “Mama, koo lako limekuwaje?” Ilinibidi nimkatize. Nilimwambia kwa heshima kwamba mambo ya koo yatasubiri, leo tunazungumza habari za kansa. Akafunga daftari akaenda.

4. Viti vimegawanywa kwa aina, nasi hatukupewa aina yoyote. Aliyepiga chapa ameandika “kansa ya koo” badala ya “kansa wa koo,” lakini hilo nimemsamehe, maana huku kwetu hata chifu huitwa “ile.” Kanyodhe wana kansa sita wa koo, ambao bila shaka ni wasemaji. Wana watano wa tumbo, na hao hawahitaji maelezo, kwa kuwa kansala asiye wa tumbo sijamwona tangu uhuru. Wana wanne wa ini. Hapo nilifikiri sana, nikaamua ni kamati ya nyama, kwa sababu kila mkutano wao huisha na mbuzi. Wana mmoja wa titi, nacho ni kiti cha akina mama, jambo jema ambalo hata sisi tungeliiga. Wamebaki watatu wa taya. Taya ni la kubishana.

Swali langu ni hili: Kobuyo hatuna koo? Hatuna tumbo? Ninyi mnatudhania tumeumbwa na nini?

5. Wale watatu wa taya wote ni watoto. Niliisoma safu ya umri mara mbili nisije nikamsingizia mtu: wana miaka sita, saba na tisa. Mimi nina miaka hamsini na miwili, na nilikuwa nikibishana na watu wazima kabla wazazi wa watoto hao hawajakutana. Sina kinyongo na watoto. Lakini mtoto wa miaka sita atasimama vipi mbele ya baraza kudai daraja?

6. Mmoja wa kansa wanaohesabiwa Kanyodhe ni mtu wetu. Namtaja Bwana Momanyi, Mkisii mwenye kinu cha posho hapa hapa Kobuyo, ambaye amesaga mahindi yetu miaka tisa. Mwaka jana kiangazi, wakati mto unavukika, alienda dispensari ya Kanyodhe kwa sababu ya tumbo, wakampeleka mbele, hospitali kubwa, na huko ndiko alikotangazwa kuwa kansa wa tumbo. Habari zilipofika, mkewe Mokeira alilia sana, nasi tukadhani ni furaha. Alirudi kwake Kobuyo, si Kanyodhe. Alilala kwake Kobuyo. Lakini jina lake liliandikwa Kanyodhe, kule alikoanzia, na sifuri yetu ikabaki imara.

Nikiri kwamba hakutufaa. Tangu apate cheo hakuita mkutano hata mmoja, na badala ya kunenepa kama makansala wengine alikonda mpaka nguo zikamkataa. Novemba alifariki. Tulimlilia kama jirani, ila kama kansa hatukuwa na la kumsifu.

7. Viti vilivyo wazi havijazwi. Mwisho wa orodha yako pana safu ya waliofariki. Katika kansa kumi na tisa wa Kanyodhe, kumi na watano wamefariki wakiwa bado kazini. Nilitingisha kichwa pale pale ukutani. Kumbe kazi hii ni nzito kuliko tulivyodhani, nami naomba radhi kwa maneno mengine niliyosema hapo juu. Hata hivyo, Bwana Daktari, viti kumi na vitano viko wazi na hakuna aliyetangaziwa! Kanyodhe wamebaki na kansa wanne tu, nao wanaendelea kujisifu kwa kumi na tisa.

8. Kwa sababu hizo zote, najitolea mimi mwenyewe kuwa kansa.

Sikulifikia neno hili kwa tamaa. Jumapili baada ya ibada niliwauliza watu nani anataka Kobuyo tupate kansa, na mikono yote ikainuka. Teresa naye aliinua wake. Kisha watu mia mbili na kumi na wanne wakatia vidole kwenye karatasi ninayoiambatanisha, wakisema wako tayari kumpokea kansa katika nyumba zao, na kwamba akija hawatamwachia aende Kanyodhe. Sifa zangu ni hizi: nimesoma mpaka darasa la sita, sinywi, nina viatu, na nina subira ya kungoja nje ya ofisi. Nipe kiti cha koo, cha tumbo, au hata kile cha ini ambacho sikukielewa vizuri. Niko tayari kupimwa siku yoyote na mahali popote. Nikifa kazini kama wale kumi na watano, iwe hivyo, mradi dispensari iwe imefunguliwa na mke wangu awe anakula ugali.

Ikiwa sitapata jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, kamati imeazimia kuvuka mto maji yakipungua na kuwachukua kansa wawili kati ya wale wanne wa Kanyodhe. Hatutawadhuru. Tutawakalisha vizuri, watakula wanachotaka, na tutaomba wahesabiwe upya wakiwa kwetu.

Nimalize kwa salamu. Wasalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, makarani wote, askari wa mlangoni aliyenipa kigogo cha kukalia, na yule kijana wa daftari, ambaye namwambia yamekwisha. Bwana Dishon anakusalimu kwa ukali kidogo. Mama Mokeira, mjane wa Momanyi, ambaye sasa ndiye mwenye kinu, anakusalimu pia, ingawa nilipomweleza ninaandika kuhusu nini aliniangalia tu akarudi kusaga. Teresa anakusalimu sana. Sauti yake imepungua, kwa hiyo amenionyesha kwa mkono. Anasema dispensari ikifunguliwa yeye atakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Ni mimi mtiifu wako na mtarajiwa wa cheo,
Nicanor Ragot,
Katibu.

Nakala kwa chifu na kwa padre. Nyingine nimebaki nayo.

Nyongeza, Jumatano 13 Aprili.

Bwana Daktari, binti yetu Roselyn amefika leo kwa likizo kutoka Asumbi, anakosoma kwa masista. Nilimpa barua hii asahihishe upatanisho wa maneno kabla haijaondoka. Alianza akicheka. Alipofika lalamiko la nne aliacha kucheka, akaweka kalamu chini, akaniuliza, “Baba, mama yuko wapi?” Halafu akanieleza kansa ni kitu gani. Nilimwomba arudie kwa Kijaluo. Akarudia, na kwa Kijaluo pia ilikuwa vile vile.

Ningeandika upya, lakini mtu wa posta hupita kesho asubuhi, na baada ya hapo ni mpaka Alhamisi nyingine. Kwa hiyo naituma kama ilivyo, nawe uisome aibu yangu yote. Kiti sikitaki. Wale saba na nusu hatuwataki. Wazazi wa watoto watatu wa Kanyodhe, nakusihi uniombee msamaha kwao. Kwa Mama Mokeira nitakwenda mwenyewe. Watu waliotia vidole nitawaeleza Jumapili, sijui kwa maneno gani.

Na yote niliyoandika kwamba tumenyimwa si kweli. Nadhani kansa tunaye. Yuko nyumbani kwangu mwezi wa tano sasa, nami ndiye niliyekuwa nikimwambia apunguze kulalamika. Roselyn anasema hatuwezi kujua mpaka apimwe, lakini alisema hivyo akitazama pembeni.

Orodha usiiguse, Bwana Daktari. Sifuri yetu iache pale ilipo. Tuletee gari tu. Likifika mtoni lipige honi, nasi tutambeba mpaka ng'ambo hata maji yakiwa mengi. Tuko watu wa kutosha.

Ameniuliza sasa hivi nimekuandikia nini kirefu namna hii. Nimemwambia nimeomba dispensari.