Saa Mbili ya Jumanne Haitufai

Langoni, Amu
Machi 1966

Kwa Bwana Patroba, Mganga wa Zahanati ya Watoto,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi nyumbani hatujambo. Mume wangu Jeilani hajambo, ila nyundo imempiga kidole tena. Mama mkwe, Bi Barka, hajambo, magoti ni yaleyale. Mkubwa wangu, Wazir, hajambo, yuko chuoni, asoma Kurani. Mdogo, Badawi, wa miezi minane, hajambo kabisa, na ndiye aliyenishikisha kalamu. Mwandiko uniwie radhi.

Kwenye kadi yake mmeandika sindano ya pili ya kifaduro: Jumanne, saa mbili asubuhi. Bwana, saa hiyo haitufai.

1. Saa mbili wanaume wamejaa barazani ndia nzima. Nikipita na mtoto analia, watauliza mtoto wa Jeilani ana nini, na kabla ya adhuhuri mji mzima utakuwa umeshakuja kutupa pole ya msiba.

2. Saa nne Badawi hulala. Bi Barka asema mtoto akiamshwa kwa sindano atakuwa mwoga mpaka aoe. Yeye ataka baada ya alasiri. Alasiri mmefunga, na wewe, nasikia, uko mpirani.

3. Wifi yangu Mwanamkisi, wa Pate, ana mtoto wa rika moja na Badawi, na twataka wachomwe pamoja wafarijiane. Chombo cha Pate hungoja maji yajae, na maji hayajui kusoma kadi. Kila siku huchelewa karibu saa nzima. Basi naomba na zahanati ichelewe hivyo hivyo, kila siku, kwa kufuata mwezi. Mabaharia watakufundisha, si kazi ngumu.

4. Kama hilo ni zito, hamishia zahanati nyumbani kwetu. Sebule ni pana. Njoo na mizani, Badawi apenda kuning'inia. Njoo na kadi na muhuri. Sindano waweza kuiacha, usijibebeshe mizigo.

Nategemea huruma yako. Wote niliowataja wakusalimu, nawe tusalimie Nesi Kerubo na wagonjwa wote.

Mimi,
Bi Alawiya, mama Badawi

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, Nesi Kerubo amepita akasema, njoo saa yoyote uitakayo, Bi Alawiya. Nikatafuta saa, nisiione. Haki ya Mungu, Bwana, saa haina kosa. Ile sindano ya kwanza mwanangu alinitazama kama nimemuuza, nami nikalia kumshinda. Lakini tangu jana mtoto wa jirani akohoa, akivuta pumzi apiga ukelele kama jogoo, na ukuta wetu ni mmoja. Yaliyo juu yafute yote. Jumanne ni mbali. Kesho alfajiri, nikishasali, nitakuwa mlangoni kwako, barazani wakae wakaao. Nijulishe leo hii, kwa yeyote anayekuja huku, kama utafungua mapema.