Mpira wa Mafuta wa Datsun ya Harusi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Jana alasiri nilipoteza lita tano za petroli na haki ya kumbeba bibi harusi. Vyote viwili kati ya Kibiti na Nyamwage. Hesabu hii hapa: nilitia lita kumi. Datsun yangu ya mwaka 1973 hula lita moja kwa kilomita kumi na mbili. Kilomita sitini, lita tano. Kufika Nyamwage, tangi kavu! Tano nyingine zimenywewa na lami.

Lilikuwa jaribio tu la safari ya Jumamosi, ya kumpeleka Rukaya kwa mumewe, huko Mohoro. Lakini dada yangu Mwanahalima, mama wa bibi harusi, alikaa kiti cha nyuma. Aliteremka ananuka sheli nzima. Akasema mwanawe atabebwa na Noah ya Badru jirani. Noah! Gari la juzi! Datsun niliinunua kwa korosho zangu mwenyewe, sikusaidiwa na mtu. Nikabembeleza. Kakubali: fundi Khamisi akiipitisha kabla ya Jumamosi, nabeba mimi.

Jumanne, 9 Septemba

Khamisi kafungua boneti. Mpira wa kutoka pampu kwenda kabureta umepasuka kama kisigino. Petroli inadondokea karibu na egzosi. Kasema nishukuru Mungu kwamba bado nina nyusi. Kaniagiza mpira wa mafuta, nusu mita.

Dukani kwa Hemedy nikaomba mpira wa mafuta. Akanikatia. Akaapa umepitisha mafuta miaka yote bila kuvuja tone. Mtu mwaminifu. Nimeufunga mwenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Mpira umelainika kama tambi. Khamisi kaunusa, kauliza kama nataka kukaanga kabureta. Kumbe Hemedy alikuwa akivutia mafuta ya alizeti kwenye mapipa!

Nikaenda kumkabili. Akajibu kwamba nilisema mafuta, akanipa wa mafuta. Ningesema petroli angesema hana. Wateja wote wakamuunga mkono. Badru naye alikuwepo, ananunua riboni za Noah.

Alhamisi, 11 Septemba

Khamisi kanieleza polepole, kama anaongea na mgonjwa. Mpira wa petroli una nyuzi ndani ya ukuta wake, una maandishi ubavuni, na hufungwa kwa klipu, si kwa waya. Niende duka la spea Ikwiriri.

Ikwiriri! Na muuza petroli ya chupa yupo hapo stendi ya bodaboda? Safari hii nikataja jina kamili: mpira wa petroli. Akachomoa wake kwenye dumu. Haujawahi kupitisha kitu kingine. Tena unaona ndani! Klipu za nini, waya wa kufungia nondo ninao.

Ijumaa, 12 Septemba

Kufika saa tano mpira ulishakakamaa, ukachomoka. Moshi. Moto kidogo. Mchanga ulitosha. Boneti imeungua upande mmoja tu, na wapiga picha wanaweza kusimama upande wa pili.

Khamisi kang'oa betri, kaenda nayo kwake. Mwanahalima kaja, kaitazama boneti, kasema kwa sauti ya chini:

“Kaka, mwanangu simpandishi kwenye kibatari.”

Fitina za Badru hizi.

Lakini ufumbuzi nimeupata. Nyuzi ndani: zipo. Maandishi ubavuni: yapo, mistari miwili, ya Kichina. Nimeukata kwenye bomba langu la kupulizia mikorosho. Mpira uliostahimili sumu na presha utashindwaje na petroli? Betri nimetoa kwenye sola ya nyumbani.

Nimemtumia Mwanahalima ujumbe huu: Rukaya anapanda Datsun au hapandi? Ndiyo au hapana, maelezo sitaki. Jibu linifikie kesho kabla ya saa tatu asubuhi. Ikigonga saa tatu bila jibu, nipo mlangoni kwako, nimeshawasha.