Maksai wa Baba na Mbio za Kirumi

Jumatatu, 4 Novemba
Mwalimu Consolata wa historia katangaza: shule itapeleka mwanafunzi mmoja kwenye maonyesho ya Musoma, akaonyeshe mambo ya Wagiriki au Warumi wa kale kwa vitendo. Mmoja tu! Huyo ni mimi, Burito, mtu pekee hapa shuleni Nyasura anayeweza kutaja makaisari kumi na wawili hata akiwa na malaria. Dafroza naye kanyoosha mkono. Eti anajenga hekalu la Kigiriki kwa maboksi ya sabuni. Nimecheka mpaka nikatolewa nje.
Mimi nitaendesha gari la vita la Kirumi. Ijumaa, siku ya mchujo, mbele ya shule nzima.

Jumatano, 6 Novemba
Gari tayari: nusu pipa juu ya magurudumu ya mkokoteni. Kofia ya vita ni sufuria ya mama, brashi ya viatu nimeifunga juu. Tatizo farasi. Bunda nzima sijaona farasi. Ila nyumbani Guta tuna maksai wawili wa kulimia, Dizeli na Shemeji. Nimewapa majina mapya, Nero na Kaisari. Nimewaita mara ishirini. Hakuna aliyegeuza hata sikio.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemwomba Baba maksai. Kakataa. Huu ni msimu wa kulima pamba, kasema, na tangu nianze hiyo historia nimekuwa mtu wa ajabu. Jioni nikaja na jingine: kesho nitawapeleka josho, wana kupe. Baba kafurahi! Kasema huwaga anamwomba Mungu anipe akili, na leo kasikilizwa. Nimejisikia vibaya kama dakika mbili hivi.

Ijumaa, 8 Novemba
Aibu! Aibu tupu!
Shule nzima uwanja wa mpira. Mimi ndani ya pipa, shuka begani. Nikapiga ukelele wa Kirumi. Maksai wakaondoka kwa mwendo wa kwenda kulima. Hatua sabini, wakasimama, wakageuka wenyewe, wakarudi pembeni mwa njia waliyopita. Shamba letu lina urefu wa hatua sabini! Nikawachapa. Nikawabembeleza. Nikamwita hata Shemeji kwa jina lake. Wapi! Safari ya tatu pipa likang'oka, nikaanguka nalo. Wao wakaendelea bila mimi, chuma kilichokuwa kimeshika pipa kikichimba uwanja. Mistari minne, imenyooka sawasawa. Mkuu wa shule akaniuliza napanda pamba au mahindi.
Mara Baba huyo! Alitufuata josho, hakutukuta. Akaitazama mistari kwa muda mrefu. Akasema kwake hawajawahi kunyoosha hivyo. Kisha akaniomba fimbo yangu.
Anayekwenda Musoma ni Dafroza. Nimelia. Hapa naandika ukweli.

Jumapili, 10 Novemba
Jana kutwa nimesawazisha uwanja kwa jembe la mkono. Malengelenge matupu. Nimemwapia Baba: vitendo basi, sasa ni vitabu tu. Na nilimaanisha.
Jioni Dafroza kapita nyumbani. Anataka mtu wa kumsaidia kubeba hekalu, na mwalimu kakubali niwe mimi. Musoma! Nakwenda Musoma! Jamani, binti ana roho nzuri, nilimcheka bure. Tukaenda kuliona. Nguzo zote zimesimama, paa limekaa vizuri. Ila limepoa mno. Wagiriki walikuwa wanachoma sadaka bwana, moto unawaka, moshi unapanda, ndipo watu wajue hili ni hekalu!
Kiberiti ninacho. Mafuta ya taa nimejaza kachupa kadogo. Dafroza sijamwambia, nataka ashangae mbele ya majaji.